Makala ngapi, au makala gani?

Hivi mtafiti anapimwaje? Ukitafuta jina lake kwenye Google Scholar unaletewa namba: kanukuliwa mara ngapi, na "h" yake ni ngapi. Kipimo hicho cha h alikibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Ukiwa na h ya 20, una makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20.

Sasa kuna mzee mmoja wa uhandisi wa programu za kompyuta, David Parnas. Mwaka 1972 aliandika makala akishauri programu kubwa igawanywe vipande, kila kipande kifiche ndani yake uamuzi unaoweza kubadilika kesho. Ukibadilika, unagusa kipande kimoja tu. Makala ile inanukuliwa mpaka leo.

Mtu kama huyu si angejivunia namba zake? Wapi! Mwaka 2007 aliandika kwamba mchezo huu wa kuhesabu ukome. Ukiwahesabia watu makala, alisema, watakata utafiti mmoja vipande vipande, watawekana majina kirafiki, watanukuliana wao kwa wao. Na kunukuliwa si kusifiwa. Wengine wanakunukuu ili wakupinge. Dawa yake? Anayemtathmini mtafiti azisome kazi zake.

Sisi wa magazeti tunaohesabiwa habari kila mwezi tunamwelewa. Habari kumi za "mgeni rasmi alisema" zinaishinda moja iliyochunguzwa wiki tatu. Wahariri wetu, hesabuni, lakini someni pia.