Mwenyekiti Wako Anajua?

Mimi ni katekista wa kigango huku Ufipa. Padri hutufikia mara moja kwa mwezi, na masika barabara ikikatika hata huo mwezi hupita. Jumapili zinazobaki tunasali ibada bila padri: wasomaji wanasoma masomo, mimi nayafafanua, na mhudumu aliyepewa ruhusa anatukomunisha. Kwa sababu hiyo watu wananiita Mwalimu, na kila jambo wanalileta mlangoni kwangu: mgonjwa, ugomvi wa mke na mume, mchango wa mabati, mtoto anayetoroka mafundisho ya Kipaimara.

Anayebisha hodi, baada ya Tumsifu Yesu Kristo, namuuliza: mwenyekiti wa Jumuiya Ndogo Ndogo yako anajua? Wengine huona nawazungusha. Lakini nimeona vigango ambavyo katekista alibeba kila kitu, akasifiwa kwa bidii, na siku alipohama hakuna aliyejua nani anaumwa wala nani anangoja ndoa. Yote aliondoka nayo kichwani.

Maaskofu wa AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976 na kuzifanya Jumuiya Ndogo Ndogo kipaumbele cha uchungaji, walitaka Kanisa liishi kwenye nyumba za watu. Mimi siwezi kujua kwamba bibi fulani hajafungua dirisha tangu juzi. Jirani yake anajua. Akimwambia mwenyekiti, mwenyekiti akaniambia, nami nikampigia Baba Paroko, bibi atapata Mpako wa Wagonjwa, ambao padri peke yake ndiye anayeweza kuutoa. Tumewahi kuzika mzee aliyeukosa, na kwenye matanga ikaonekana kila mtu alidhani mwenzake ameshasema. Hilo linaniuma mpaka leo.

Ila wapo pia wanaovuka mpaka. Mama anataka mtoto wake abatizwe, kiongozi wa jumuiya anakataa kumwandikia barua kwa sababu ana deni la zaka au hasali jumuiya. Au msiba unatokea, na viongozi wanatangaza kwamba marehemu hazikwi na Kanisa. Hapana. Mwenyekiti ni shahidi. Aeleze kwa haki anachokijua, uamuzi auache kwa paroko. Mtu aliyefiwa akifukuzwa na jirani yake kwa jina la Kanisa, atarudi kwetu kwa njia gani?

Na ipo huduma ambayo haingoji cheo. Katika mafundisho ya wazazi na wasimamizi huwa nakazia ubatizo wa hatari: mtu akiwa katika hatari ya kufa na padri hayupo, mtu yeyote mwenye nia ya kufanya linalofanywa na Kanisa anaweza kumbatiza. Anammiminia maji kichwani huku akimtaja kwa jina na kusema kwamba anambatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Basi. Usiku mmoja mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, alikuwa zahanati akimuuguza binti yake aliyejifungua kabla ya wakati. Kichanga kilikuwa kinabadilika rangi. Aliomba maji, akammiminia mjukuu kidogo kutoka kwenye kikombe cha plastiki, akayasema yale maneno bila kuyumba. Asubuhi alikuja kwangu kutoa taarifa, kama inavyotakiwa.

Mtoto alipona, na maneno yakaanza. Mwanamke asiye hata kiongozi wa jumuiya anabatiza? Wengine walitaka mtoto abatizwe upya. Paroko alipokuja alimhoji yule bibi, akaridhika, akasema ubatizo haurudiwi. Kilichofanyika kanisani ni yale yaliyobaki: mafuta ya Krisma, vazi jeupe, mshumaa. Kwenye daftari la ubatizo la parokia, mahali pa mbatizaji, limeandikwa jina la yule bibi. Nilifurahi kuliona pale, kwa sababu alijua kilicho chake, akakifanya kwa wakati, kisha akakikabidhi.

Sisi wa kando ya Ziwa Tanganyika tuna mfano mkubwa wa mlei wa namna hiyo. Adrian Atiman aliuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomea utabibu Malta. Alifika Karema mwaka 1889 akawa tabibu na katekista hadi alipofariki mwaka 1956. Hakuwa padri, alioa, akatibu watu, akafundisha dini. Papa Fransisko alipoiweka rasmi huduma ya katekista mwezi Mei 2021, nilimkumbuka yeye kwanza, maana watu wengi bado hudhani mlei ni msaidizi tu wa padri aliyechoka.

Kila jumuiya zinapochagua viongozi wapya, nakaa nao jioni mbili tatu. Mweka hazina namwambia sadaka isihesabiwe na mtu mmoja, na kila zaka iwe na stakabadhi. Mimi fedha sishiki. Mwenyekiti namwomba aniandikie kwa mkono majina ya wagonjwa, wajane na watoto wasiobatizwa, nyumba kwa nyumba, na nakala abaki nayo yeye. Wengine huniambia, “Mwalimu, si uandike wewe, una mwandiko mzuri?” Nawapa daftari na kalamu, kisha tunaanza na nyumba ya kwanza.