Nilimlisha Tonge Aliyekosa Pumzi

Paka wetu Kibibi alikuwa akikosa pumzi, nami nikamlazimisha kumeza ugali. Hilo ndilo kosa langu, na nalitaja mwanzo nisije nikalizungukazunguka.

Alikuwa na miaka 14, umri mkubwa kwa paka. Mara kwa mara alijikunyata sakafuni, shingo ameinyoosha mbele, viwiko amevitanua, akakohoa kikohozi kikavu kisichotoa kitu. Nyumba yetu hapa Mombasa haikosi samaki, na dawa ya mwiba kila mtu anaijua: tonge kavu, ulimeze bila kutafuna. Binti yangu akaniuliza, "Baba, mbona Kibibi anapumua kwa tumbo?" Nikamjibu, "Uzee huo, mwanangu. Na mwiba umemkwama." Nilijibu kama mtu mwenye hakika, na hakika sikuwa nayo.

Usiku huo nikamviringisha kwenye leso, nikampanua kinywa, nikasukuma tonge. La pili halikuingia. Kinywa kilibaki wazi, ulimi nje, mbavu zikiingia na kutoka mbiombio, na ufizi wake uliokuwa mwekundu wa kufifia ukaanza kuingia ubuluu. Paka akihema kinywa wazi naye ametulia tu, hali yake ni ya hatari. Mimi sikulijua hilo. Mnyama alikuwa akiitafuta hewa nami nikaiziba njia.

Mama mkwe alishauri tumpe nusu kidonge cha paracetamol. Kwa rehema ya Mungu vidonge vilikuwa vimekwisha nyumbani. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo. Inaiharibu damu hata ikashindwa kubeba oksijeni, na kipande kidogo tu kinaweza kumuua.

Tulipomfikisha kwa daktari wa mifugo naye akaniuliza nimempa nini, nilitamani kudanganya. Nikamwambia. Hakunikaripia. Wala hakukimbilia kumpiga picha, kwani paka anayehangaika kupumua akikabwa na kulazwa ubavu anaweza kufia mikononi. Alimwacha kwanza ndani ya kikapu, akakifunika kitambaa, akamtazama mbavu kwa muda mrefu. Yeye ndiye aliyenifahamisha kuwa kule kujikunyata na kunyoosha shingo ni kukohoa kwa kifua, na kwamba paka huficha maradhi mpaka nguvu zimwishie.

Eksirei ilipopigwa baadaye haikuonyesha maji kifuani, ila haikumaliza shaka. Huenda ilikuwa pumu, huenda moyo. Sindano ya steroidi ilimpa nafuu, lakini si nafuu kamili, na jina la ugonjwa halikupatikana. Tukajifunza kuishi hivyo. Udi ukahama chumba chake, dawa ya mbu ya kuchoma tukaitupa, sote tukalala chini ya chandarua. Binti yangu akawa anamhesabia pumzi usiku na kuziandika daftarini. Zikipanda tulimpigia daktari, naye akatuambia tuongeze dawa au tumlete. Kibibi alipata miezi mizuri kwa njia hiyo, akila, akiota jua barazani. Alikufa mwezi wa Rajabu.

Tonge lilikuwa la usiku mmoja. Linaloniuma zaidi ni majuma yaliyotangulia, nilipomwona akiacha kuparamia dirisha, akilala ameketi kwa kuogopa kulaza kifua, nami nikaridhika kwamba ni umri. Mtoto aliona, akauliza, nikamnyamazisha. Nimemwomba radhi binti yangu kwa hilo.

Wewe uliye na paka mzee, mhesabie leo akiwa usingizini. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30, kisha zidisha mara mbili. Zikiwa zinapita 30 kwa dakika kila ukihesabu, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Akihema kinywa wazi, usimtie kitu kinywani, na usingoje kupambazuke.