Wageni wa Mtwara Walipokuja Palma

 

Mwezi huu nimeombwa niandike habari ya safari. Nikajibu kwamba mimi sijasafiri popote zaidi ya ile safari mnayoijua wote, ya kukimbia. Nikaambiwa, basi andika safari ya watu waliokuja kwenu. Kwa hiyo hii ni habari ya Palma, lakini siyo Palma ya tarehe 24 Machi 2021. Hiyo mmeisikia vya kutosha na wengine mlikuwepo. Hii ni Palma ya Desemba 2016, tulipopokea wageni wa likizo.

Kuna sababu nyingine ya kuandika. Darasani kwangu niliwapa watoto zoezi la insha: "Ukipata mgeni, utampeleka kutembea wapi?" Karibu wote waliandika bomba la maji na pale tunapogawiwa chakula. Mmoja aliandika atampeleka kwenye mwembe wa nyuma ya choo cha shule, kwa sababu una kivuli kizuri. Si jibu baya, mwembe ule nami naupenda. Lakini wengi wa watoto hawa walitoka kwao wakiwa mgongoni, na jina la Palma wanalijua kwa mlio wa bunduki tu. Hawajui kwamba kwao mgeni alikuwa anatembezwa karibu wiki mbili na bado mwenyeji analalamika muda hautoshi.

Sasa wageni wenyewe. Baba yangu alikuwa anauza samaki ng'onda Mtwara, na kila akivuka Rovuma alikuwa analala kwa rafiki yake mmoja wa sokoni. Sisi watoto tulimwita yule mzee Baba Mkubwa, ingawa hatuna naye damu. Miaka mingi baba alikuwa anamwambia, "Na wewe njoo kwetu." Desemba ile shule zilifungwa huku na kule, akaja kweli. Alikuja na mke wake, watoto wanne na mama mkwe wake. Watu saba! Nyumba yetu ilikuwa na vyumba vitatu. Mama aliwapokea kwa furaha, mgeni njoo mwenyeji apone, akawavua mizigo, akawapa maji ya kunawa. Halafu jikoni nikamsikia anamnong'oneza mama mdogo, "Lakini saba, jamani!" Usiku huo mimi na kaka zangu tulihamia kwa jirani na mikeka yetu.

Walivuka Kilambo kuja Namoto kwa boti. Pale mtu hapangi saa yake. Maji yakipwa mafungu ya mchanga yanatokea katikati ya mto na boti inasubiri, na wakati wa kusubiri unaangalia viboko. Kutoka Namoto wakapanda chapa, ikanasa mchangani mara mbili, wote wakashuka kusukuma, hata yule bibi alishika kona moja. Walifika usiku wamejaa vumbi wakicheka. Watoto wao walitushangaa tukisema "shikola", wao wanasema shule. Na sisi tuliwashangaa wao kwa kusema Kiswahili kimenyooka kama cha redioni.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bibi yangu hakungoja ya tatu. Siku ya pili aliwapa vikapu. Mwezi ulikuwa umejaa, ni bamvua, na watu wa pwani yetu mnajua maana yake: maji yanashuka zaidi ya mita 3, na ikifika saa nne asubuhi bahari imekauka mpaka mbali, unatembea juu ya mwamba kule ambako jioni mashua zinapita. Hiyo ndiyo ilikuwa matembezi ya kwanza, na kwa maoni yangu ndiyo bora kuliko yote yaliyofuata.

Bibi alikuwa na sheria zake. Mtu avae viatu, hata vya matairi, kwa sababu ya wale wa miiba meusi. Asiingize mkono kwenye shimo asilolijua. Na amtazame yeye, si bahari, maana yeye ndiye anayejua maji yanarudi lini. Akawaonyesha wageni nyumba ya pweza. Ukiwa mgeni unaona tundu tu. Bibi anaona kwamba mlangoni pa tundu kuna vijiwe na makombe, pweza mwenyewe ameyatupa hapo baada ya kula. Unachokoza na fimbo taratibu, anaishika, unamvuta. Mtoto mkubwa wa Baba Mkubwa alipata mmoja, pweza akamzunguka mkono wote mpaka kwenye kiwiko, akapiga kelele zilizosikika nchi kavu. Bibi akamtoa huku anamwambia pole pole, kama anamvua mtoto shati. Akampigapiga jiweni alainike. Jioni tulimla na nazi na ugali wa muhogo, na yule kijana akala kuliko wote.

Siku nyingine tulikwenda Kionga. Asubuhi kwa chapa, na kurudi chapa haikuonekana kabisa, tukatembea kwa miguu tangu saa tatu mpaka alasiri imepita. Njia ni ya mchanga, mikorosho huku na huku. Ulikuwa msimu wa mabibo, kwa hiyo hatukufa njaa, lakini maji yaliisha na watoto wadogo wakaanza kulia. Mama mdogo ndiye aliyetuokoa. Aliuliza wanawake tuliokutana nao, wakatuonyesha kijia cha kushoto chenye mkorosho uliopasuka katikati, na nyuma yake kisima. Tukanywa, tukalala kidogo kivulini. Kumbukeni kisima hicho, nitakirudia.

Kionga kwa macho ni kijiji cha kawaida, minazi, mitumbwi, watoto wanaofuata wageni. Lakini ina habari ambayo mzazi yeyote anaweza kumpa mtoto wake. Mwaka 1894 Wajerumani waliichukua, ikawa upande mmoja na Mtwara na Lindi. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wareno wakaiteka, na wakafurahi hata wakatoa stempu za barua zilizopigwa jina la KIONGA. Vita vilipokwisha wakubwa wakakaa Versailles, Ufaransa, na mwaka 1919 wakaamua iwe ya Wareno. Baba Mkubwa aliposikia akasema, "Kumbe hapa palikuwa kwetu!" Babu akamjibu, "Wewe kunywa uji wako. Mama yangu aliolewa kutoka ng'ambo hiyo, hakuna Mjerumani wala Mreno aliyeulizwa." Walitaniana hivyo mpaka siku ya kuondoka.

Safari ya rasi ilikuwa ya mashua. Tulingoja maji mafu, bahari ikatulia. Kaskazi ilikuwa imeshaanza, kwa hiyo kwenda tulibisha, mara huku mara huku, na mama mkwe alitapika mpaka akasema tumwache baharini. Kule mwisho wa nchi kavu kuna mnara wa taa ya meli na vibanda vya wavuvi. Nadhani watu wengi wa mkoa huu hawajafika pale, na ni pale hasa mkoa wetu mzima ulipopata jina. Cabo ni rasi, delgado ni nyembamba. Ukisimama kwenye mchanga ule unaelewa, ni ulimi mwembamba umeingia baharini. Watoto walitaka kuona Komoro. Iko mbele huko lakini ni mbali mno. Kurudi upepo ulikuwa nyuma yetu, tukafika kabla ubwabwa haujapoa. Nahodha alituonyesha ghuba yote akatuambia ya wazee: zamani hii ilikuwa Tungi, chini ya Sultani Barghash wa Zanzibar, na mwaka 1887 Wareno waliipiga kwa mizinga wakaichukua. Yaani watu wa ghuba hii kukimbia moto wa bunduki hawakuanza na sisi.

Quitupo tulikwenda kwa kufuata ufukwe wa kusini, tukavuka mikoko maji yakiwa yamekupwa, matope mpaka magotini. Sitakaa sana hapo, kwa sababu wenyeji wa Quitupo walikuja kuhamishiwa Quitunda kwa ajili ya gesi ya Afungi, na matembezi yale hayawezekani tena kama zamani.

Tarehe 25 Desemba Baba Mkubwa alishangaa kuona baba anachinja mbuzi. Akauliza kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, siku hizi mnasherehekea Krismasi?" Ikabidi aelezwe kwamba Msumbiji tarehe hiyo kwa sheria ni Siku ya Familia, ya kila mtu, mwenye msikiti na mwenye kanisa. Majirani zetu Wamakonde walileta mapiko, watoto wa Mtwara wakakimbilia ndani, ingawa ngoma hiyo ipo na kwao. Mama na wenzake walipaka musiro usoni wakacheza tufo. Wageni waliondoka siku mbili baadaye na gunia la korosho, na mama alipohesabu unga uliobaki alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Watarudi mwakani, inshallah."

Hawakurudi. Tarehe 5 Oktoba 2017 Mocímboa da Praia ilishambuliwa, na mengine mnayajua. Machi 2021 sisi tulitawanyika. Mama mdogo alitoka Palma na watoto wawili na ndoo moja, akashika njia ya Kionga, usiku, bila taa. Alijua kijia cha kushoto. Alijua mkorosho uliopasuka. Watu kama kumi na tano walikunywa kwenye kisima kile kwa sababu yeye alikuwa amewahi kupitisha wageni hapo. Alivuka mto. Baba Mkubwa alipopata habari alikuja ng'ambo na mikate na kitenge, akamtafuta siku nne. Alikuwa ameshapakiwa na wenzake kwenye gari, wakarudishwa Msumbiji kupitia Negomano. Mikate aliigawa kwa waliokuwepo. Bado ananipigia simu, na swali lake ni moja tu, lini atupokee au lini tumpokee.

Wengi wa jirani zetu wamesharudi Palma, wengine wanangoja. Mimi siwaambii mtu arudi wala akae, hayo ni ya kila nyumba. Nasema habari ya watoto. Mtoto akirudi kule bila kujua bamvua ni nini, nani atamwonyesha pweza, na mgeni wake atampeleka wapi?

Kwa hiyo Ijumaa saa tisa, baada ya masomo, nitabandika karatasi kubwa ukutani, darasa la pili kutoka getini. Nimechora ghuba, rasi, Kionga na mto, basi. Bibi wa kuvua pweza, nahodha, aliyekuwa dereva wa chapa, njooni mwongeze njia na visima na majina yake, watoto watakuwepo kuuliza. Mje na kalamu zenu, zangu zimekwisha wino.