Niliomba wafungwe, sikutoa ushahidi

Barua ile niliiandika mimi. Vijana wa mapanga walipozidi kututesa hapa Kisauni, Mombasa, kamati ya mtaa ilitafuta mtu wa kuandika malalamiko yetu, nami, mwalimu mstaafu, nikakubali upesi. Tuliomba korti ziache huruma, kila kijana wa genge afungwe kwa kiwango cha juu kabisa. Sheria ya mwaka 2010 ya kuzuia makundi ya uhalifu inaruhusu hadi miaka 15 kwa uanachama tu, na kundi lenyewe ni watu watatu kwenda juu. Nikaambatanisha orodha ya majina, nikawasomea watu barazani.

Jina moja lilikuwa la mwanafunzi wangu wa zamani. Panga mkononi mwake sijaliona hata siku moja. Nilimwona akikaa maskani na wenzake, basi. Alikamatwa, akasota rumande, mwishowe kesi ikaanguka kwa kukosa mashahidi.

Shahidi nilikuwepo, ila wa kisa kingine. Nilimwona kwa macho yangu aliyemkata mwenye duka jirani yetu. Namjua yeye, namjua na babake. Mpelelezi alipobisha hodi, nikamwambia nilikuwa ndani naswali. Uongo. Niliogopa, na yule kijana hadi leo hajapandishwa kizimbani.

Na bado nilithubutu kuwadai wengine miaka 15! Adhabu kali zilikuwepo tayari: Kanuni ya Adhabu inataja kifo kwa wizi wa mabavu, na silaha moja ya hatari au mwenzako mmoja anatosha kuufanya wizi uwe huo. Hukumu zenyewe hazikuwa haba: mwaka 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia adhabu wafungwa zaidi ya 4,000 waliokuwa wakisubiri kunyongwa, wakapewa kifungo cha maisha. Mapanga hayakukoma. Kijana wa hapa hapigi hesabu ya miaka. Anajua hakuna jirani atakayemtaja kortini. Mimi ndiye niliyemhakikishia hivyo.

Aliyemkata mtu afungwe, hapo sijabadilika. Lakini nilitaka kifungo kirefu kifanye kazi niliyoikimbia mimi.

Mamake yule mwanafunzi aliniuliza, "Mwalimu, mwanangu ulimwona na nini?" Sikuwa na jibu. Nimemwomba radhi, na taarifa yangu kuhusu jirani nimeiandikisha kwa mpelelezi. Mama anataka nikiri pia kwenye baraza la chifu, mbele ya wale niliowasomea majina. Nimemwambia nitakwenda.