Konokono wawili wa Unguja

Gari la abiria linalotoka mjini kwenda kaskazini mwa Unguja hupita Kinyasini, penye mabonde ya mpunga na vijito. Jua likipanda watoto hujitupa majini, mama zao wakifua pembeni. Panapendeza. Ni hapohapo pia kichocho cha mkojo kimekuwa kikiwasumbua watu kwa miaka mingi.

Kwenye majani ya kijito hujishika konokono mdogo wa kahawia. Mzazi akimshika ncha ya gamba ikiwa juu na tundu likimwelekea, ataona tundu liko kushoto. Konokono wengi tundu lao huwa kulia. Huyo ni wa jenasi ya Bulinus.

Anayepima usafi wa mto hana haja ya kufika huko. Tanzania Bara kuna mfumo uitwao TARISS, uliotokana na SASS ya Afrika Kusini. Viumbe wadogo huchotwa kwa wavu kati ya mawe na majani, wengi hutambuliwa kwa familia tu, kisha mto hupewa alama. Inatosha. Kusaka spishi ya kila buu kungekula miezi, na mto usingesubiri.

Kwa kichocho haitoshi hata kidogo. Unguja ina Bulinus wawili wanaofanana kama shilingi kwa ya pili. Bulinus globosus, wa kaskazini na katikati, ndiye anayeeneza ugonjwa. Bulinus nasutus wa kusini, huko uwandani kwenye mawe ya matumbawe, haenezi. Kwa macho ni rahisi kuwachanganya. Wataalamu hupima DNA. Aliyeandika “Bulinus” tu daftarini anaweza kumwaga dawa ya konokono kwenye dimbwi la kusini lisilo na ugonjwa, na dawa hiyo huua samaki pia.

Hata huyo globosus hazaliwi na kichocho. Hukipata mkojo wa mgonjwa unapoingia majini, kisha vimelea humtoka na kupenya ngozi ya anayeoga.

Mama wa Kinyasini hawezi kusubiri DNA. Kwake jenasi inatosha: akiona tundu la kushoto, mtoto atoke majini. Asipomwona konokono, bado si hakikisho. Mtoto akikojoa damu apelekwe kituo cha afya. Dawa ya prazikwanteli hutibu.