Dirisha la Bafu: Leicester Hupimwa Kioo, Kisumu Hupimwa Upepo

Wengi wetu tunaojenga nyumbani tukiwa huku ng'ambo tuna mazoea ya kufunga sanduku la mapazia. Tunaanza na sebule, tunakuja vyumba vya kulala, na mwisho tunatupia kipande cha kile kidirisha cha bafu bila hata kukifikiria. Ni futi 2 kwa futi 2, kuna nini hapo? Mimi nasema kuna mengi. Kule Kisumu, kando ya ziwa, hakuna dirisha linalodai akili kuliko hilo, na vipimo tunavyovizoea Uingereza vinaliharibu.

Hapa Leicester mtu anayetaka pazia fupi la bafu hupima nafasi iliyo ndani ya ukuta. Hupima upana mara tatu, juu, katikati na chini, kwa sababu nyumba kuukuu za matofali zimepindapinda. Kisha huchukua kipimo kidogo kuliko vyote, akapunguza kidogo ili fimbo ikae. Urefu ni nusu ya chini ya kioo, basi. Mapazia yaliyoshonwa tayari hayamsaidii, kwa kuwa saizi ndogo ya kawaida madukani ni inchi 46 kwa 54, kubwa mno kwa dirisha kama hilo. Hivyo huenda Belgrave Road, kwenye maduka ya vitambaa ambayo baadhi ya wenyewe wana wazee waliotoka Kenya na Uganda, akakatiwa mita moja.

Kazi inakuwa rahisi kwa sababu wengine walikwisha kuibeba sehemu iliyo nzito. Kanuni za ujenzi za England zinataka feni ya bafu iweze kutoa angalau lita 15 za hewa kwa sekunde. Ukipanua nyumba bila kuomba kibali cha mipango, dirisha la ubavuni la ghorofa ya juu lazima liwe na kioo cha ukungu, na sehemu inayofunguka iwe zaidi ya mita 1.7 kutoka sakafuni. Mvuke una feni yake, na macho ya jirani yamezuiwa na kioo. Pazia limebaki kuwa pambo. Miezi ya baridi dirisha lenyewe linaweza kukaa limefungwa kuanzia Novemba hadi Machi na hakuna anayelalamika.

Kisumu, katika nyumba nyingi, dirisha ndilo feni. Mama Mdogo anakaa Migosi, katika nyumba ya chini yenye madirisha ya chuma yanayofunguka kwa nje, grili ndani, na juu ya dirisha matundu ya hewa aliyoyaacha mwashi. Kwa miaka mingi bafu lake halikuwa na pazia wala halikulihitaji, kwa kuwa dirisha liko juu na upande wa pili kulikuwa na ua na miti ya maembe. Sasa upande huo kuna ghorofa, na ngazi zake zinaangalia bafuni moja kwa moja. Mabadiliko haya yamefika Milimani, yamefika Mamboleo, yamepanda hadi Riat. Ndiyo maana nusu pazia la Kiingereza halina kazi pale. Leicester jicho hutoka barabarani, usawa wa mtu aliyesimama. Migosi linatoka ghorofa ya tatu, na huingia kwa nusu ya juu ya kioo, ile ile ambayo pazia la Kiingereza huiacha wazi.

Nilikuwapo fundi alipokuja kupima. Alitoka soko la Kibuye na futi kamba shingoni, akaingia bafuni, akatazama, na hakupima chochote. "Mama, naomba tuwashe taa," alisema. Giza lilikuwa linaanza kuingia. Akamwomba kijana wa nyumbani asimame pale mtu anapoogea, naye akatoka, akamwomba bawabu wa jirani ruhusa, akapanda ngazi za ghorofa akisimama kila kituo. Aliporudi ndipo alipofungua futi kamba. Mama Mdogo alimuuliza, "Sasa umeona nini, mwanangu?" Akamjibu kwamba ngazi za chini hazina shida, shida ni za juu, na kwamba waya ukae juu ya kioo lakini chini ya matundu ya hewa, usiyazibe hata kidogo.

Hapo kuna ujuzi ambao hakuna kipimo cha WhatsApp kinachoweza kuubeba. Matundu yale ndiyo yanayotoa mvuke usiku dirisha likiwa limefungwa. Ukipeleka pazia refu kutoka ng'ambo likaanzia darini, kama tunavyopenda siku hizi, umeliziba bafu pumzi, na ukuvu utaanza pembeni mwa dari. Ila matundu hayo hayo ni mlango wa mbu, na ukanda wa ziwa ndio wenye malaria nyingi kuliko sehemu nyingine za Kenya. Kwa hiyo wavu wa mbu hutangulia, matundu na dirisha vyote viwili, ndipo pazia. Anayeanza na pazia ataling'oa siku wavu utakapowekwa.

Halafu kuna upepo. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na alasiri upepo wa ziwa huingia mjini. Dirisha likiwa wazi, pazia jepesi huruka ndani, likatulia, kisha likavutwa kwenye grili na kung'ang'ania ncha za chuma. Fundi alilimaliza hilo kwa waya mbili, moja juu na moja chini, pazia likakazwa katikati kama yale ya mabasi ya usiku. Aliligawa vipande viwili vinavyokutana katikati, ili mkono upite kwenye grili kufikia kitasa. Upana wa dirisha ni sentimita 60, lakini misumari ilikaa sentimita 10 nje kila upande, jumla 80. Kitambaa akakihesabu mara moja na nusu, yaani 120, pamoja na mapindo. Kingo zile za pembeni ndizo zinazozuia mwanga usipenye.

Na mwanga si jambo dogo ziwani. Wakati wa mwezi mwandamo sami, wale vijidudu vya ziwani, huibuka majini kwa mawingu mazima, na wanaoishi Dunga au Mbita wanajua taa moja iliyoachwa wazi inavyoweza kuwaita. Hawaumi, lakini asubuhi wamejaa kwenye sinki na wameganda kwenye kitambaa. Kwa hiyo kitambaa kiwe kizito cha kufunika taa, kiwe laini cha kukung'utika, na kiweze kuvuliwa na kufuliwa jioni hiyo hiyo. Yale mapazia mepesi yanayopenyeza mwanga, tunayoyatuma kwa sababu yanapendeza, hayafai hapa.

Kibuye, siku ya Jumapili, utakuta mapazia ya mitumba kutoka Ulaya yamerundikwa juu ya turubai. Akina mama wanaochagua pale huliangalia pazia la inchi 46 kwa 54 na kuona mapazia mawili ya bafu, pindo la chini likiwa limekwisha kushonwa. Mimi naona afadhali fedha ya kusafirisha sanduku iende kwa hao na kwa fundi.

Ukiwa mbali na unataka kujua kazi imefanywa sawasawa, uliza umbali kutoka juu ya kioo hadi chini ya matundu, mahali kitasa kilipo, jirani wa juu anatazama kutoka ghorofa ya ngapi, na kama misumari ni ya aina isiyoshika kutu. Hilo la misumari lisisitize, kwa maana kutu ya bafuni huteremka na maji na kulitia pazia madoa yasiyotoka.