Siku ya Tatu Mpe Jembe

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo niliisikia tangu utotoni kwetu Mombasa, na nikaichukua kama fumbo tu la kuwakemea wageni wasiojua kuaga. Sikudhani hata kidogo kwamba iko siku nitapewa jembe lenyewe, lenye mpini, nikiwa na mtoto mgongoni, mahali ambapo mwaka mmoja tu kabla nilikuwa sijapata kulisikia jina lake.

Mahali penyewe ni Kasulo, katika wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera, nchini Tanzania. Tulifika huko Februari 1995. Mume wangu ni fundi wa magari makubwa, na wakati huo barabara ile ilikuwa imejaa magari makubwa. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, Wanyarwanda zaidi ya laki mbili walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa ishirini na nne, wakaingia Ngara. Waliwekwa Benako, na baadaye zikafunguliwa kambi nyingine. Watu wote hao walipaswa kula. Mahindi na maharage yalitoka bandarini Dar es Salaam kwa treni hadi Isaka, na kutoka Isaka yakapakiwa kwenye malori. Malori huharibika, na palipo na malori mabovu fundi hakosi riziki. Mume wangu alitangulia peke yake. Baada ya miezi mitano aliandika barua: njooni, nimechoka kula kwa mama ntilie.

Binti yetu alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi minne, ndiyo kwanza anatembea kwa kuyumba kama bata. Mama yangu aliposikia safari hiyo alikaa kitako barazani akanitazama. "Mwanangu," aliniambia, "wewe enda, mume ni wako. Lakini huyu mjukuu wangu wampeleka mwituni akaliwe na nini?" Sikuwa na jibu. Nilifunga masanduku.

Tulisafiri kwa mabasi siku nne, tukavuka ziwa kwa kivuko kati ya Kigongo na Busisi, tukapita Geita, tukalala Biharamulo. Mji ulikuwa mdogo na wenye baridi, na juu ya kilima limesimama boma la Wajerumani. Asubuhi mume wangu alikuja kutuchukua kwa lori. Pale Lusahunga magari yalikuwa yakisubiriana ili yaende kwa msafara, maana njia ya mbele ilikuwa na majambazi. Hapo ndipo nilipouona mwitu aliousema mama. Miti mirefu kwa mifupi, majani makavu, udongo mwekundu, na maili kadhaa bila moshi wa jiko.

Mara ndani ya lori wakaingia mbung'o. Msomaji ambaye hajaumwa na mbung'o asidanganywe kwamba ni nzi tu. Huchoma kama sindano ya moto, na nguo haimzuii. Nilimfunika mtoto kwa mwili wangu, nao wakanishukia mimi tu, wakimwacha dereva na mume wangu kana kwamba hawakuwaona. Dereva alicheka hata akapunguza mwendo. "Shemeji," alisema, "hilo buibui lako ndilo linawaita. Mbung'o anapenda rangi nyeusi na buluu. Hata mitego yao tunaishona kwa vitambaa hivyo." Basi nilikuwa nimetoka Mombasa nimevaa mtego! Nililivua buibui nikalikalia, nikajitanda leso. Nililia kimyakimya, na wala si kwa sababu ya mbung'o.

Nyumba yetu ilikuwa ya matofali ya udongo, vyumba viwili, bati juu. Maji yalichotwa mbali. Mvua ikinyesha udongo uligandamana na viatu hata mtu akaongezeka urefu, na jua likiwaka vumbi lilimgeuza mtoto rangi. Wiki mbili za kwanza sikumruhusu binti yangu kukanyaga chini. Nilimweka kwenye mkeka ndani ya mlango, na kila alipotambaa kuelekea mwangani nilimrudisha. Alilia mchana kutwa, nami nilichemsha maji mchana kutwa. Mume wangu akirudi jioni alitukuta sote wawili tumevimba macho.

Jirani yetu alikuwa bibi mmoja Mhangaza, mwembamba, asiyecheka ovyo. Alitutazama kwa siku hizo zote bila kusema neno zaidi ya salamu. Asubuhi moja alikuja na jembe begani, akasimama mlangoni. Kiswahili chake kilikuwa cha kukatakata. "Mama mtoto," alisema, "mwana hafungwi. Mbuzi ndiye hufungwa." Kisha akaninyoshea jembe. Alinionyesha kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, akanipa mbegu za maharage, naye akamtwaa mtoto wangu mkononi na kumweka juu ya udongo uliochimbuliwa, pwa! Mtoto alinyamaza. Alishika donge, akalitazama, akalitia mdomoni. Nilipiga ukelele. Bibi hakugeuka hata kutazama. Aliendelea kulima.

Tangu siku ile nilianza kukaa Kasulo. Kabla ya hapo nilikuwa nikisubiri kuondoka tu.

Nilipopata shamba nilihitaji mtu wa kunishikia mtoto, na ndivyo alivyokuja yule msichana. Alikuwa Mnyarwanda kutoka kambini Benako, wa miaka kumi na saba hivi. Mkimbizi hakuruhusiwa kwenda mbali na kambi bila kibali, lakini wengi walifanya vibarua mashambani na majumbani kwa wenyeji, na kila mtu alilijua hilo. Jina lake silitaji hapa, kwa kuwa sijui yuko wapi wala kama angependa litajwe. Mtoto wangu alimwita Yaya, na sisi tukamwita hivyo hivyo.

Sikumwuliza alikotoka wala alichokiona. Kambini mle walikuwemo waliokimbia kifo, na walikuwemo pia walioua. Mwaka uliotangulia, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mto Kagera ulikuwa umebeba maiti hadi Ziwa Viktoria, na watu wa Ngara waliyaona hayo kwa macho yao. Yaya alikuwa na mama yake na kaka mdogo. Baba hakutajwa. Mimi nilitaka mtu wa kunilelea mwanangu, na nilimtazama mikono yake tu. Ilikuwa mikono mipole.

Mtoto alianza kusema. Lakini alisema nini? Maji aliyaita amazi. Neno la hapana, ambalo watoto hulipenda kuliko yote, kwake lilikuwa oya. Nikimwambia ale, oya. Nikimwambia alale, oya. Kihangaza cha bibi jirani na Kinyarwanda cha Yaya ni ndugu wa karibu, hivyo wale wawili walielewana na mtoto akaokota kwa wote. Mimi mama mzazi nilibaki kama mgeni sebuleni mwangu, nikiomba nitafsiriwe. Nilimwandikia mama yangu nikamwambia mjukuu wake haliwi na kitu, ila amekuwa Mhangaza.

Mwezi Novemba mwaka huo, mvua zikiwa zimekolea, mume wangu alikwenda Isaka kufuata lori lililokwama. Yaya alikuja kulala nasi. Usiku wa manane mtoto alipatwa na homa, na kabla sijapata maji ya kumpangusa, degedege likamshika. Macho yaligeuka, meno yakabana, mwili ukakakamaa kama mti. Nitasema kweli: nilikimbia nje. Nilisimama kwenye mvua nikipiga kelele jina la mama yangu aliye Mombasa.

Yaya hakupiga kelele. Alimlaza mtoto ubavu, akamvua nguo, akampangusa, na degedege lilipoachia alimfunga mgongoni akatoka. Zahanati ilikuwa mbali, kilomita kama sita, na hakukuwa na gari. Bibi jirani alichukua taa ya chemli akatangulia. Mimi nilifuata nyuma, nikiteleza na kuanguka, nikiuona ule mgongo mwembele ya taa kama kitu pekee kilichobaki duniani. Msichana yule angekamatwa usiku ule angekuwa na kesi ya kujibu. Hakuwa na kibali cha kuwa pale. Hakusema hata neno moja juu ya jambo hilo, wala mimi sikulifikiri hadi siku nyingine kabisa.

Mganga alimchoma mtoto sindano ya kwinini, akaniambia ilikuwa malaria kali, na kwamba kama tungengoja kupambazuke labda asingekuwa na mtu wa kumchoma. Asubuhi mtoto alifungua macho. Alimtazama Yaya, akanitazama mimi, akasema, "Amazi."

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo kwa ajili yake nimeanza kuandika.

Mapema Desemba 1996 ilitangazwa kwamba wakimbizi wote wa Rwanda warudi kwao kabla ya tarehe 31 ya mwezi huo. Tarehe 12 watu wa kambini walianza kuhama, lakini si kwenda Rwanda. Walikwenda upande wa pili, porini, wakitumaini kufika nchi nyingine. Wanajeshi waliwazuia na kuwageuza. Kisha barabara ya Rusumo ikajaa. Nimeishi miaka mingi tangu siku zile na sijaona tena watu wengi kiasi kile wakitembea bila kelele. Godoro kichwani, sufuria, baiskeli imelemewa, mtoto amemshika mwenzake mkono. Mvua iliwanyeshea, nao wakaenda.

Yaya alikuja usiku kupitia shambani, mahali tulipolima maharage. Alikuwa amepoteana na mama yake katika msukosuko ule wa porini. Alipiga magoti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele yangu. "Mama," alisema, "niache nibaki. Nitasema mimi ni Mhangaza. Lugha naijua."

Nilimtazama mume wangu, naye akatazama chini. Sisi wenyewe tulikuwa wageni katika nchi ile, tukikaa kwa kibali cha kazi. Tulisikia nyumba zinapekuliwa, na kwamba anayeficha mkimbizi atashitakiwa. Mume wangu alisema polepole, "Dada, hatuwezi." Mimi sikusema kitu. Nimejitetea mara nyingi kwa kusema kwamba aliyekataa ni mume wangu. Lakini Yaya hakumwomba yeye. Aliniomba mimi.

Nilimpa sweta, unga, na pesa kidogo. Alishukuru. Alipoinama kumwaga mtoto, binti yangu, ambaye sasa alikuwa na miaka mitatu na alijua anachokisema, alimshika nguo kwa mikono miwili akapiga kelele: "Oya! Oya! Oya!" Katika nyumba ile usiku ule ni mtoto peke yake aliyesema hapana kwa mahali panapostahili.

Asubuhi bibi jirani alikuja. Nilimweleza. Nilitaka aniambie kwamba hatukuwa na njia nyingine. Alikaa kimya kwa muda, akatazama barabara, kisha akasema, "Yule alilima." Akaondoka. Maneno mawili tu, lakini nimeyachambua kwa miaka. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: methali haisemi yanayofuata. Bibi yule alielewa kwamba aliyekwisha shika jembe si mgeni tena. Mimi nilipewa jembe nikawa wa nyumbani. Yaya alilima, akalea, akabeba mtoto wangu kwenye mvua, na bado siku ya mwisho nilimhesabu kuwa mgeni.

Tuliondoka Kasulo katikati ya mwaka 1997, kazi ilipopungua. Bibi alituaga kwa mkungu wa ndizi. Jembe nilitaka kumrudishia, akakataa.

Siku hizi mapori ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yameunganishwa na kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, tangu 2019. Pale tulipovuka kwa kivuko, daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa mwaka 2025. Binti yangu ni mtu mzima mwenye mtoto wake, na wa kwake naye amefika umri ule wa kuyumba kama bata. Majuzi alinitembelea, akamwona mwanawe anaokota udongo bustanini na kuutia mdomoni. Nilingoja apige ukelele. Hakupiga.

"Mama," aliniuliza, "kwa nini nikikasirika hunijia neno oya? Mume wangu hunicheka. Nililitoa wapi?"

Niliingia ndani nikaleta jembe. Mpini umebadilishwa mara mbili, chuma ni kile kile. Nikamwambia akae kitako, maana habari yenyewe ni ndefu, na ndani yake mna mahali ambapo mama yake alinyamaza.